Behewa la Kukhu

Juzi mkwe wangu alinikumbatia mlangoni, majirani wakiona, akanibusu shavuni na kusema, "Mum, umenona!" Sikujua nifiche wapi uso wangu. Ni kijana mzuri, sina ugomvi naye. Ni fundi wa malori, na siku hiyo alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, kwa hiyo koti lake lilinuka mafuta ya mashine na jasho la mtu aliyekimbia. Harufu hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilijichomoa mikononi mwake, nikakimbilia jikoni kujifanya natafuta sukari, na huko nikalia peke yangu kama mtoto. Mara ya mwisho nilipoinusa harufu hiyo kati ya mwanaume na mama mkwe wake, nilikuwa msichana mdogo kule Tororo, na niliamini kwamba wote wawili wangekufa mbele ya macho yangu.

Wenzangu mliozaliwa enzi zile, hasa nyinyi wa upande wa Bungoma, hamhitaji kuelezwa. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake walikuwa hawaonani. Hawakupeana mkono, hawakuketi nyumba moja, hawakula pamoja, na wakikutana njiani mmoja aliingia kichakani mpaka mwenzake apite. Dini ilikuja, tukabatizwa, Baba akaacha pombe na kuwa mzee wa kanisa, lakini mambo ya ukwe hayakuguswa na mtu. Vijana wakisikia hivi leo wanacheka. Wacheke tu, mcheka kovu hajaona jeraha.

Mimi sikuwahi kuelezwa. Mtoto wa siku zile hakuelezwa kitu, aliona tu na kujijazia mwenyewe. Na nilichokiona ni hiki: Baba alifanya kazi kwa kaburu mmoja kule Kapseret, karibu na Eldoret, kazi ya kuwafundisha mafahali kuvuta jembe. Nilikuwa nimemwona akimshika fahali mbichi pembe zote mbili na kumwinamisha mpaka pua ikagusa udongo, huku kaburu mwenyewe amejibanza nyuma ya ua. Kwa hiyo nilijua Baba haogopi chochote chini ya jua. Kisha tukaenda kwao Mama kutembea, na mtu akasema tu, "Kukhu yuko njiani anakuja." Kukhu ndiye bibi, mama yake Mama. Nilimwona Baba, yule yule wa mafahali, akiruka ua wa miiba na kupotelea kwenye mahindi kofia ikianguka nyuma yake. Halafu akatokea kikongwe mdogo aliyejikunja mgongo, anatembelea fimbo, mguu mmoja mbovu, anatabasamu kwa ufizi.

Nilimwogopa Kukhu tangu siku ile. Nilijiambia kwamba ndani ya kile kimwili kuna kitu, na kwamba Baba akimtazama usoni, au yeye akimtazama Baba, mmoja wao ataanguka na kufa. Nilimheshimu kuliko kaburu, kuliko mchungaji, na kwa kweli kuliko Mungu, maana na Mungu, Baba yangu alizungumza kila jioni bila wasiwasi.

Basi habari ikaja kwamba mjomba wangu, mtoto wa kiume wa pekee wa Kukhu, alikuwa mgonjwa sana Jinja, Uganda, alikokuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha pamba. Mtu wa kwetu aliyetoka huko alitujulisha mlangoni, hakukubali hata chai. "Anamwita mama yake," akasema. "Msichelewe." Mama alikaa chini palepale kwenye mavumbi. Kukhu hakuwahi kupanda gari la moshi, hakujua Kiswahili, na huo mguu wake usingemfikisha popote peke yake. Mama alikuwa na mtoto mchanga. Ilibidi Baba atupeleke sote, na hapo ndipo balaa lilipoanza, maana utawasafirishaje nchi hadi nchi watu wawili wasioweza kuonana, ndani ya gari moja?

Baba na Mama walilizungusha shauri hilo usiku na mchana. Wakaamua hivi: sisi tungepanda Eldoret, Baba akae behewa la mbele kabisa. Kukhu angepandia Bungoma, naye awekwe mbali na Baba iwezekanavyo. "Mbali kabisa," Baba alisisitiza. "Nisije nikashuka kunywa maji nikamkuta dirishani."

Sijawahi kusahau asubuhi ile ya Eldoret. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio, ukungu umelala juu ya mashamba ya ngano, na stesheni ilijaa magunia, makopo ya maziwa, na wazungu wenye mbwa. Gari likaingia. Nilikuwa nimelisikia kwa mbali maisha yangu yote, lakini kulisikia si kulisimamia karibu. Ardhi ilitetemeka ndani ya miguu yangu. Liliingia jeusi, refu, likivuja mvuke pande zote, na nikaona kwamba kitu kikubwa hivyo hakiwezi kuwa kazi ya watu. Nilimshika Baba suruali. Alicheka akaniinua mpaka ndani, kwenye benchi la mbao la daraja la tatu, katikati ya kuku na mama mmoja aliyekuwa na sufuria kichwani, aliyekataa kuitua mpaka stesheni ya Turbo.

Tulianza kuteremka. Nani angeniambia kwamba dunia inateremka? Mimi nilidhani dunia yote ni tambarare kama kwetu, nyasi na baridi na anga. Sasa ikawa inashuka, inashuka, miti inabadilika, hewa inapata joto, watu wanavua sweta. Tukavuka mto Nzoia juu ya daraja, nikatazama chini kati ya vyuma nikaona maji ya rangi ya udongo yakikimbia chini ya miguu yangu, na nikaacha kupumua. Upande wa kulia mlima Masaba, ule wazungu waliouita Elgon, ulikuwa umekaa na wingu kifuani, wala haukusogea hata tulivyokimbia. Kila kitu kingine kilirudi nyuma ila mlima. Nilimuuliza Mama kama mlima unatufuata, akasema ninyamaze mtoto asiamke.

Bungoma, Baba aligeuza uso ukutani kabla gari halijasimama. Akajifunika kofia. Mama akashuka na mtoto mgongoni, akanishika mkono, tukakimbia kuelekea nyuma, maana Kukhu alikuwa amekwisha kuletwa na vijana wa jirani, ameketi juu ya jiwe, kitambaa kimemfunika kichwa mpaka kidevuni. Mama hakuridhika na behewa la katikati. Hakuridhika na lililofuata. Alitaka heshima kamili, kwa hiyo alituvuta mpaka behewa la mwisho kabisa, na vijana wakambeba Kukhu juu kwa shida kwa sababu ngazi ilikuwa ndefu na mguu wake haukukunjika.

Nilikaa mkabala na Kukhu nikiyakwepa macho yake. Alitoa mkono chini ya kitambaa, akanishika goti.

"Nekesa," akasema, "baba yako hajambo?"

"Hajambo, Kukhu."

"Amekula?"

Sikujua. Sikuelewa pia kwa nini amuulizie chakula mtu anayemwangamiza. Mama akajibu kwamba Baba atapelekewa chakula mbele kwa mbele.

Tulipovuka mto Malaba mama mmoja akatangaza, "Haya, hii ni Uganda," nikaruka dirishani. Nilitarajia nyasi za rangi nyingine, au mstari mkubwa ardhini. Nyasi zilikuwa zile zile. Mvulana mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi ng'ambo ya pili alitupungia mkono kama wavulana wa kwetu. Nilivunjika moyo kidogo, lakini si kwa muda mrefu, kwa sababu mbele yetu, kutoka kwenye nchi iliyolala bapa, likatokea jiwe. Sijui niliite nini zaidi. Mwamba mmoja, peke yake, umesimama mpaka mawinguni, hauna mlima mwenzake wala kilima cha kuuegemea. Behewa zima lilihamia upande ule kutazama. Hata Kukhu aliinua pembe ya kitambaa chake.

"Weee," alisema taratibu. "Mungu aliliweka hapa akaenda kutafuta jingine."

Ndivyo tulivyoingia Tororo. Gari likasimama, na ikasemekana litakaa. Mama akachukua chakula cha Baba, akamkaza mtoto mgongoni. "Nampelekea baba yako, narudi sasa hivi," akaniambia. Kisha akamgeukia mama yake kwa sauti kubwa, kama vile Kukhu ndiye mtoto: "Msishuke. Hata aje nani, hata aseme nini. Msishuke!"

Sisi hatukujua, na Mama hakujua, na mtu yeyote aliyezoea njia ile angetuambia kwa neno moja, kwamba Tororo ndipo gari linapokatwa. Mabehewa ya mbele yanaendelea Jinja na Kampala. Yale ya nyuma yanafungwa kichwa kingine na kwenda kaskazini, Soroti. Watu wa kawaida huketi pamoja na jamaa zao, kwa hiyo haiwapati shida. Ni sisi tu, kwa adabu yetu, tuliojigawa wenyewe sawasawa na jinsi gari lingegawanywa.

Nilisikia vyuma vikigongana. Behewa letu likarudi nyuma kidogo, likasimama. Nikachungulia mbele kumtafuta Mama, na nikaliona gari likiondoka. Liliondoka bila sisi. Kati yetu na hilo gari kulikuwa na reli tupu, na hiyo reli iliendelea kurefuka. Nilipiga yowe. Nililiita jina la Mama, nikamwita Baba, nikaita mpaka koo likauma, na moshi ukapinda kule nyuma ya miti.

Kukhu hakusogea. "Amesema anarudi," alisema.

Alikuja bwana mmoja wa reli, kofia imekaa upande, akigonga magurudumu kwa nyundo. Akatuona. "Nyinyi mama! Nakwenda wapi?"

"Jinja," nikasema huku nalia.

"Jinja! Hii ya Soroti hii. Jinja ndiyo ile naenda. Shuka, shuka upesi!"

Nikamfasiria Kukhu. Kukhu akakaza mikono yake miwili kwenye benchi. "Mwambie binti yangu ametukataza kushuka."

Nikamfasiria yule bwana. Alimtazama Kukhu, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. "Basi karibu Soroti," akasema, akaenda zake na nyundo yake.

Nikakisikia kichwa cha gari kikija upande wa pili, kikatugonga mpaka nikaanguka. Kwa akili yangu ya kitoto, Soroti ilikuwa mwisho wa dunia. Mjomba angemwita mama yake huku sisi tunapelekwa mahali ambapo hakuna mtu angetujua. Niliangalia uso wa Kukhu chini ya kitambaa na nikaona kwamba midomo yake inatetemeka. Kile kikongwe cha kuogofya kilikuwa kinaogopa. Sikuwa nimejua kwamba kinaweza.

Ndipo nilipoona mtu anakimbia juu ya reli. Anakimbia vibaya, anaruka kutoka mbao hadi mbao, koti linapepea, mkononi ameshika ndizi ya kuchoma aliyoisahau. Baadaye Mama alitusimulia: gari lilipokunja kona Baba alichungulia dirishani kuangalia mkia wake, akaona mkia haupo. Alimwambia Mama neno moja tu, "Mama yako!" akaruka gari likitembea. Mama na mtoto wakaendelea Jinja peke yao.

Baba alifika chini ya mlango wetu, na hapo, nyie, akasimama akatugeuzia mgongo. Alikuwa anahema, mgongo wote umelowa. Akazungumza na yale mawe yaliyokuwa mbele yake.

"Nekesa! Mwambie Kukhu ashuke!"

"Kukhu, Baba anasema ushuke."

"Mwambie baba yako mama yako amesema tusishuke."

"Baba, Kukhu anasema Mama amesema..."

"Mwambie hili linakwenda Soroti!"

"Kukhu, linakwenda Soroti."

"Mwambie siwezi kushuka yeye akiwa hapo. Kwanza aende mbali. Halafu mguu wangu..."

Filimbi ikalia. Nilikuwa nageuza kichwa huku na huku, maneno ya mmoja hayajaisha kinywani mwa mwingine ameanza. Behewa likashtuka. Likaanza kutambaa, polepole sana, na Baba akaanza kutembea sambamba nalo, bado ametuelekezea kisogo, anatembea kiubavuubavu kama mtu aliyerukwa na akili. Nikamwona mabega yakipanda na kushuka. Kisha akageuka.

Nilifumba macho. Sikutaka kuona ni nani kati yao ataanguka kwanza.

Nilisikia buti lake kwenye ngazi. Nilisikia pumzi yake, na ile harufu ya mafuta ya reli na jasho ikajaa behewa. Halafu nikamsikia akisema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, sauti ndogo, "Mama, nisamehe." Nikafumbua. Baba alikuwa amemwinua Kukhu mikononi, mzima mzima, fimbo na kikapu na vyote, na uso wake ameugeuzia juu, kwenye dari, ili asimtazame. Kukhu alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili. "Panda mgongoni, Nekesa! Shika shingo!" Nikapanda. Akashuka na sisi sote wawili, ngazi moja, nyingine, akakanyaga mawe, akayumba, hakuanguka. Gari la Soroti likatupita behewa baada ya behewa mpaka likaisha, na kukawa kimya.

Hakuna aliyekufa. Nilisubiri, nikimwangalia mmoja na kisha mwingine, na hakuna aliyekufa. Baba alimketisha Kukhu kwenye benchi la stesheni kama mtu anayeweka yai. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akapiga magoti akiwa ametazama chini, akainuka, akaenda kusimama kule mbali kwenye uzio, ametuelekezea mgongo. Watu wa Uganda waliovaa kanzu walimwangalia wakaangaliana. Na mimi kwa mara ya kwanza nikaelewa, ingawa sikuwa na jina la kile nilichokielewa. Hakuwa amemkimbia kwa woga kule kwenye mahindi. Huwezi kumbeba namna ile mtu unayemwogopa, wala mtu unayemchukia. Nikawaona wote wawili wakubwa, wakubwa kuliko ule mwamba uliosimama nyuma ya stesheni.

Nisiwaache roho juu: mjomba tulimkuta hai, Kukhu akamshika mkono, na alipona akaja kucheza kwenye arusi yangu. Lakini siku ile hatukujua hilo. Gari jingine la Jinja lilikuwa la kesho yake, Mama alikuwa amekwenda, na katika nchi ile ngeni walikuwa wamebaki watu wawili wasiopaswa kuonana, na katikati yao mtoto.

Kwetu, mkwe akivuka mpaka kama ule, lazima atoe kitu, mbuzi au blanketi, kabla hawajaweza kuvuta hewa moja. Baba hakuwa na mbuzi. Alikaa kule kwenye uzio kitambo kirefu. Mwishowe akaniita, akavua lile koti lake kubwa la baridi ya Eldoret, akalikunja vizuri na kuniwekea mikononi.

"Mpelekee Kukhu," akasema. "Mwambie ndicho nilicho nacho."

Nilimpelekea. Jua la Tororo lilikuwa kali la kupasua, hata mbwa walikuwa wamejificha chini ya mabehewa. Kukhu alilipokea kwa mikono miwili, akalilaza mapajani, akalipapasa. Nilidhani atalirudisha. Badala yake akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akaketi ndani yake wima na mtukufu, jasho likimtiririka mashavuni. Koti lilimmeza mpaka miguuni. Hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha akavua kitambaa kilichomfunika uso tangu Bungoma, akakiweka kando yake.

Akafungua kikapu. Ndani yake mlikuwa na simsim, yaani ufuta, na karanga alizozisaga kwa ajili ya mwanawe. Akachota fungu kubwa, akaliweka kwenye jani la mgomba.

"Mwanangu," alisema, akitazama kule kwenye uzio. "Umekula?"

Nilivuta pumzi nikageuka, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu tangu mchana. "Baba, Kukhu anauliza kama ume..."

Kiganja cha Kukhu kikanifunika mdomo. Kilikuwa kikavu, na kilinuka simsim.

"Nyamaza," akaniambia. "Nimemuuliza yeye."

Baba akageuka, taratibu, na akamtazama.

"Bado, Mama," akasema.